Viti Vitatu vya Safu ya Saba

Kapitolina Yegorovna alikuwa na sheria moja tu, na aliisimamia kuliko hakimu: koti lisilo na kitanzi shingoni halitundikwi. Miaka thelathini na moja alisimama nyuma ya kaunta ya chumba cha makoti, chini ya ngazi za marumaru, katika ukumbi wa baleti wa mji wao kando ya mto Kama, na katika miaka hiyo yote hakuna profesa wala mke wa meya aliyemshinda.

"Kitanzi kiko wapi?" angeuliza, akilining'iniza koti la mtu kwa vidole viwili. "Nilitundike kwa kola, lichanike, kisha uje kunililia? Kwenu hakuna sindano?"

Watu wazima waliona haya. Wengine walishona palepale wamesimama, kwa sindano na uzi alivyovitia ndani ya kikopo makusudi kwa ajili yao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hasira za karibu tu, kama maziwa jikoni: ukigeuza shingo yameshafurika. Na kila aliyekuwa na koti mjini alilijua hilo.

Siku yake kubwa ilikuwa tarehe thelathini Desemba, onyesho la mchana. Baleti ya Mwaka Mpya, ile ya binti aliyezawadiwa mwanasesere wa mbao, ya panya na theluji na mti unaokua mpaka dari. Mjini pale hakuna mtoto aliyelelewa bila hiyo. Watu huja na mifuko ya viatu, wanavua mabuti ya sufi mbele ya kaunta, wanavaa viatu vya heshima, wanajaza chenza mifukoni mwa makoti ingawa wanajua Kapitolina Yegorovna hataki kuona ganda hata moja. Familia yake nayo ilikuja. Kwanza binti yake Inga, akiwa na utepe kichwani mkubwa kuliko uso wake. Sasa Inga na binti yake Taisiya, mwenye miaka minane na ulimi wa bibi yake.

Walikaa palepale miaka yote, katika viti vya wafanyakazi: roshani ya tatu, ukingoni kabisa kushoto, viti ambavyo haviuzwi kwa sababu kumuuzia mtu ni kumtukana. Ukikaa pale unaona nusu ya jukwaa. Nusu nyingine imekatwa na ukuta, na mti umo katika hiyo nusu nyingine. Watu mia sita wakishusha pumzi kwa pamoja, "Aaah!", wewe unajua mti unakua, wewe mwenyewe unatazama panya wawili na mgongo wa shangazi wa binti.

Lakini kiti kile kilikuwa na siri yake. Kutoka pale unaona mpaka nyuma ya mapazia ya upande wa pili, na nyuma ya mapazia hayo alisimama Innokenty, mume wa Kapitolina Yegorovna, na kamba mikononi. Mti ulikuwa wa kitambaa na waya, umekunjwa sakafuni. Kadiri kamba ilivyovutwa ndivyo ulivyoinuka. Miaka ishirini na saba aliuvuta yeye. Mkewe alikuwa akiwaacha wachelewaji kaunta kwa mwenzake, anapanda ngazi mbio, anasimama nyuma ya viti vya mwanawe kwa dakika kumi, kisha anashuka. Na kila mwaka, kamba ikiwa katikati, Innokenty alisimama, akatazama juu kushoto, akamkonyeza.

"Una wazimu wewe!" alimgombeza kila mwaka walipofika nyumbani, kabla hata hajavua skafu. "Okestra nzima inapiga, mti umekwama, baba zima unakonyeza! Vuta, mjinga wewe, watu wanangoja!"

"Hawajui kama wanangoja," Innokenty alijibu, akimenya chenza. "Siku moja keti mbele, Kapa, uone ninachokivuta. Unaona jasho langu tu."

"Jasho lako nalifua. Inatosha."

Innokenty alifariki mwezi wa Aprili, moyo, akiwa anashusha mbao. Siku ya tisa, kwenye chakula cha ukumbusho, mkurugenzi wa ukumbi alisimama na glasi mkononi. Rostislav Arkadyevich alikuwa na miaka miwili tu pale, mtu wa kola nyeupe na maneno laini. Mbele ya wafanyakazi wote alisema kwamba Desemba hii ndiyo ya mwisho kwa mti wa kamba. Mwakani itawekwa skrini. Kwa hiyo Kapitolina Yegorovna, kabla hajastaafu, atakaa na familia yake safu ya saba, katikati, auone mti wa mumewe ukikua. Na kwa kuwa kaunta sasa ilikuwa na yeye peke yake, mkurugenzi atamweka pale mtu wa ofisini kwa kipindi kizima cha kwanza. Watu walilia. Kapitolina Yegorovna naye alilia, jambo ambalo baadaye lilimkera kuliko yote.

Ahadi ni deni. Novemba alipanda ofisini kulidai, na mkurugenzi hakusita: alichukua karatasi, akaandika kwa mkono wake, "Waruhusiwe. Safu ya saba, viti 14, 15, 16. Tarehe 30, mchana," akatia sahihi yenye mkia mrefu. Kapitolina Yegorovna aliikunja karatasi, akaitia ndani ya pasipoti yake, akaitunza humo mwezi na nusu. Alitoa barua ya kustaafu kuanzia mwisho wa mwaka. Alijishonea gauni la buluu. Yeye, ambaye macho yake yaliona koti lisilo na kitanzi kutoka mlangoni, hakuona kwamba karatasi ile haikuwa na muhuri.

Tarehe thelathini baridi ilikuwa digrii ishirini na nane chini ya sifuri. Saa tano milango ilifunguliwa na watu wakaingia na mvuke wao. Kapitolina Yegorovna alikuwa amevaa gauni jipya ndani ya koti la kazi, akatundika, akatoa vibao vya namba, akatundika. Mtu wa ofisini hakuonekana. Saa tano na nusu hakuonekana. Wakaja wageni watatu wenye harufu nzuri, mama mmoja na wanaume wawili, makoti ya manyoya mazito; la mama halikuwa na kitanzi, lakini leo Kapitolina Yegorovna alikuwa na furaha, akalishonea kitanzi yeye mwenyewe bila neno. Wenzake wangemwona wangempima homa.

Kisha Inga na Taisiya wakaja, mashavu mekundu. Walibadilisha viatu, wakatangulia na karatasi, maana yeye angewafuata kengele ya tatu ikilia. Haikupita hata dakika tano, akamwona Taisiya anarudi peke yake, akikimbia na viatu vyake vyeupe.

"Bibi, kuna watu wamekaa kwenye viti vyetu!"

"Waambie wainuke."

"Mama amewaambia. Wana tiketi. Na Bibi Roza mlangoni anasema karatasi yetu haina muhuri."

Roza Galimovna alikuwa bawabu wa mlango wa chini, rafiki yake wa miaka ishirini. Alikuja nyuma ya mtoto, ameishika karatasi kana kwamba inaungua.

"Shoga, usinitazame hivyo," alisema. "Mimi ningewapitisha kwa mikono miwili. Lakini viti vimeuzwa. Ameuziwa yule tajiri wa kiwanda cha saruji, yeye na mkewe na mgeni wao. Nimeona orodha juzi, nikadhani wewe umehamishiwa pazuri zaidi."

"Mkewe ana koti la manyoya ya kahawia?"

"Huyohuyo."

Kapitolina Yegorovna alitazama ndoana ya mia mbili na nne, alikolitundika koti lile kwa mikono yake. Damu ikampanda mpaka masikioni. Roza, aliyemjua, akarudi nyuma hatua moja.

Mkurugenzi alikuwa chini ya mti wa mapambo pale sebuleni, akisalimiana na wakubwa. Alipomwona anakuja na koti la kazi, tabasamu lake likapungua upande mmoja.

"Rostislav Arkadyevich. Viti vyangu."

"Kapitolina Yegorovna, mpenzi! Heri ya Mwaka Mpya unaokuja. Nilitaka nikwambie, kazi zimenizonga. Unaelewa hali ilivyo, tuna wafadhili, paa linavuja..."

"Uliahidi mezani kwangu. Mbele ya picha ya marehemu. Uliandika kwa mkono wako."

Akaipokea karatasi, akaitazama mbele na nyuma, akamrudishia kwa upole. Upole ule ndio uliommaliza.

"Hii ni barua tu, mama. Haina muhuri. Ungepita kwa katibu ingekuwa na nguvu. Lakini viti vyenu vya juu si vipo? Nendeni mlikozoea. Mtoto ataona vizuri tu."

"Ataona nini? Miaka thelathini na moja tunaona mgongo wa shangazi!"

"Taratibu, wageni wanasikia. Na nani yuko kaunta?"

"Mtu wako wa ofisini," akasema Kapitolina Yegorovna. "Yule uliyeniahidi. Hodari sana, hata haonekani."

Kengele ya kwanza ikalia. Akarudi. Wachelewaji walikuwa wamejaa mbele ya kaunta, akawatundikia kwa kasi ya ajabu, bila kuuliza kitanzi cha mtu. Hakuwa na hasira nao. Hasira yake yote ilikuwa na wenyewe wengine, nayo haikuwa ya maziwa tena. Ilikuwa imetulia, na aliyewahi kuishi naye angejua hiyo ndiyo mbaya. Alimkasirikia mkurugenzi. Alijikasirikia mwenyewe kwa yale machozi ya Aprili. Alimkasirikia hata Innokenty, aliyekufa mwezi wa nne badala ya kungoja Januari kama watu wenye adabu. Hasira hasara, watu husema. Basi na iwe hasara, lakini safari hii si yangu peke yangu, akawaza.

Kengele ya tatu ilipolia, alivua koti la kazi. Gauni la buluu likaonekana. Akavuta chini mlango wa vyuma wa kaunta, akaufunga kwa ufunguo, akatundika kile kibao cha zamani ambacho kila mtu wa nchi ile amewahi kukisoma kwa uchungu: MAPUMZIKO YA KIUFUNDI. Makoti mia sita nyuma ya vyuma, na ufunguo ukaingia kifuani.

"Mama, utafukuzwa," alinong'ona Inga, aliyekuwa ametoka ndani kumfuata.

"Nimeshastaafu mimi, zimebaki siku mbili. Anifukuze haraka basi, asije akachelewa. Roza! Una stuli ngapi?"

Roza alitazama kushoto, akatazama kulia. "Tatu. Lakini njia ya katikati ni marufuku kuweka kitu. Zimamoto..."

"Mimi ndiye moto. Lete."

Na Roza akaleta. Mungu ambariki mwanamke yule, aliogopa na bado akaleta. Taa zilipozimika, watatu hao walikuwa wamekaa katikati ya njia, ubavuni mwa safu ya saba, na ndani ya ukumbi kulikuwa na harufu ya chenza na manukato. Kapitolina Yegorovna hakuwahi kuona jukwaa zima. Lilikuwa kubwa kiasi cha kumtia hasira mpya: kumbe kulikuwa na meko upande wa pili! Kumbe shangazi alikuwa na uso!

Mlango wa pembeni ukafunguka kidogo. Mkurugenzi akaja ameinama, akachuchumaa karibu naye.

"Ondoka hapo sasa hivi," alinong'ona. "Kuna watu ishirini wanagonga kaunta."

"Wana haki. Kawatundikie."

"Ufunguo!"

"Uko mahali ambapo hutatia mkono wako. Sasa inama zaidi, Rostislav Arkadyevich, unamzibia mtoto."

Watu wa safu ya nane wakamwambia mkurugenzi "Shhh!" wakidhani ni mchelewaji. Akarudi nyuma kwa miguu ya kaa.

Muziki ukageuka. Kapitolina Yegorovna aliujua mgeuko ule kwa miguu yake. Ndipo kila mwaka alipokuwa akimaliza ngazi ya mwisho akihema. Mti ulikuwa pale, mdogo, wa kawaida, mishumaa na nyota. Kisha ukaanza kuinuka. Matawi yalitoka sakafuni moja baada ya jingine, kana kwamba hayana mwisho, taa juu ya taa, na ukumbi mzima ukashusha pumzi, naye kwa mara ya kwanza akaishusha pamoja nao.

Kando yake, kwenye kiti namba kumi na nne, bwana wa saruji alikuwa akisoma simu. Uso wake ulikuwa wa buluu kwa mwanga wa ile simu.

Kapitolina Yegorovna alimgonga goti kwa kidole, kama anavyogonga kaunta.

"Weka hiyo."

"Samahani?"

"Inua macho, baba. Umekaa kwenye kiti cha marehemu. Angalau utazame mti wake."

Bwana yule, sijui alisikia nini katika sauti ile, aliiweka simu na akainua macho. Na hapohapo mti ukasimama.

Ulisimama nusu ya njia. Okestra ilikuwa inapanda, taa zilitetemeka kidogo matawini, na mti mkubwa ule ukakaa vile, umeshikilia pumzi, muda wa mtu kutazama juu na kufumba jicho moja. Hakuna aliyenong'ona. Watu mia sita waliegemea mbele bila kujua. Kisha ukapanda tena, wote, mpaka dari, na watoto wakapiga kelele.

Taisiya alimshika mkono. "Bibi, mti ulisita! Umeona? Kama ulikuwa unamngoja mtu!"

Kapitolina Yegorovna aliendelea kuutazama mti. Miaka ishirini na saba alimgombeza mtu kwa jambo ambalo hakuwahi kuliona, na sasa alikuwa ameliona, na ndilo lililokuwa zuri kuliko yote. Alilia kwa hasira, akajifuta kwa mkono wa gauni jipya.

Mapumziko yalipofika alifungua kaunta, akawatundikia wale ishirini, akawaomba radhi mmoja mmoja, maana hao hawakuwa na kosa. Baada ya onyesho alitoa makoti mia sita bila kukosea namba hata moja. Mke wa bwana wa saruji alipopewa la kwake alikuta limeshonwa kitanzi cha uzi mweusi, akasema asante kwa sauti ndogo.

Wa mwisho alikuwa mkurugenzi, uso mwekundu.

"Kesho asubuhi tutazungumza. Nipe koti langu."

"Kibao?"

"Kibao gani? Sijawahi kuchukua kibao. Liko pale, ndoana ya kwanza, unaliona!"

"Nayaona mengi," akasema Kapitolina Yegorovna. "Asiye na kibao anaandika ombi: koti rangi gani, vifungo vingapi, mifukoni kuna nini. Anangoja. Ndio utaratibu, umeubandika wewe mwenyewe ukutani." Akasogeza karatasi na kalamu. "Na upitie kwa katibu. Bila muhuri, hiyo ni barua tu."

"Katibu ameshaondoka! Sikukuu!"

"Pole, baba."

Akavuta mlango wa vyuma. Nje ya madirisha digrii zilikuwa zimezidi kushuka. Rostislav Arkadyevich alibaki mbele ya kaunta na suti yake nyembamba, akiandika vifungo.

Fedot akapita, mtu wa miaka arubaini aliyeachiwa kamba na Innokenty, akishuka kunywa chai kabla ya onyesho la jioni. Kapitolina Yegorovna akamdaka kwa mkono.

"Wewe. Kwa nini umesimamisha mti?"

Fedot akaona haya. "Ndivyo alivyonifundisha, Kapitolina Yegorovna. Vuta mara tatu, simama, tazama juu kushoto, konyeza, vuta. Nikamuuliza kwa nini. Akasema bila hivyo mti haukui."

"Na leo ulikonyeza?"

"Nilikonyeza." Akakuna shingo. "Hakukuwa na mtu."

Mama wa watu alizitazama ngazi. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Taisiya, kaa safu ya saba. Kiti chochote unachotaka, vyote vyako. Inga, kaa naye. Fedot, mti umekunjwa tayari?"

"Kwa ajili ya jioni, ndiyo. Lakini bila ruhusa ya mkurugenzi..."

"Mkurugenzi ana shughuli. Nenda kwenye kamba."

Akapanda ngazi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, akiwa na miaka sitini na minane na magoti mawili yanayolalamika, mpaka ukingoni kushoto, nyuma ya viti visivyouzwa. Ukumbi ulikuwa mtupu. Kule chini Fedot alitemea viganja mate, akavuta. Alivuta mara tatu. Akasimama. Akatazama juu, na safari hii kulikuwa na mtu, akakonyeza.

Kapitolina Yegorovna alimtikisia ngumi, kama kila mwaka, ila leo hapakuwa na okestra ya kuogopa, akapiga kelele kwa sauti yake yote mpaka vioo vya taa vikalia:

"Vuta, mjinga wewe! Watu wanangoja!"